Probox ya Mama: gari letu la kwanza Manga, na ile elfu sabini

Kwa kawaida hapa tunaandika kama kampuni. Tunakueleza namna ya kulinda namba yako ya siri, cha kufanya pesa zikienda kwa mtu usiyemjua, na mambo kama hayo. Leo tumeomba ruhusa tuandike kama ndugu. Sisi ni watoto wanne wa nyumba moja huko Manga, kaunti ya Nyamira, na mmoja wetu ndiye unayemsoma hapa karibu kila wiki. Wale wengine watatu wameisoma makala hii kabla yako na kuisahihisha, hasa dada yetu. Yeye alikuwa na mengi ya kusahihisha.

Kama hujafika Manga, ukiwa Kisii mjini utauona ule mlima mrefu uliosimama kama ukuta. Kwetu ni juu huko. Ni migomba, majani chai, na udongo mwekundu ambao mvua ikinyesha unageuka sabuni. Tulipokuwa watoto, gari lilikuwa kitu cha kusikia kabla ya kuona. Kulikuwa na pikapu moja ya Peugeot iliyofanya kazi ya matatu, na tuliweza kutambua mngurumo wake ikiwa bado iko mbali chini. Baba yetu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na alikuwa na baiskeli. Kila mwisho wa mwaka alisema mwaka ujao tutanunua gari. Alistaafu akiwa na baiskeli, akafariki akiwa na baiskeli, na bado imening'inia kwenye stoo.

Kwa hiyo gari letu la kwanza lilikuwa deni kwake, ingawa hakuna aliyesema hivyo kwa mdomo.

Tulilinunua Novemba 2014. Toyota Probox nyeupe, ya mwaka 2006, iliyokuwa imetumika Japani na kisha kwa mtu mmoja wa upande wa Kisii. Ukisema Probox Kisii huhitaji kueleza zaidi. Hilo gari linabeba ndizi, maziwa, mabati, wanafunzi na maiti, wakati mwingine yote kwa wiki moja. Viti vya nyuma ukivilaza unapata kitanda cha mizigo. Na pale mbele, katikati, kuna kimeza kidogo ambacho unakivuta kinatokea. Sijui Wajapani walikusudia nini na hicho kimeza. Mama alikitumia kuweka daftari lake la ndizi.

Bei ilikuwa 420,000. Hakuna mmoja wetu aliyekuwa na pesa hiyo peke yake, kwa hivyo tukachanga. Kaka mkubwa, aliyekuwa akifanya kazi Mombasa, alitoa 150,000. Dada, mwalimu huko Nyamira, 90,000. Kaka wa Eldoret 80,000. Kitinda mimba alitoa 30,000 na tukamshukuru kama aliyetoa milioni. Mama alimalizia na 70,000: pesa za ndizi pamoja na bonasi ya majani chai, ile ambayo wakulima wa KTDA huipata Oktoba. Zote tulimtumia dada kwa simu, kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu, na ndiye mwenye mwandiko mzuri.

Hapa tusimame kidogo, maana vijana wanaosoma hii hawajui tulikotoka. Kabla ya M-Pesa kuanza mwezi wa Machi 2007, kaka yetu wa Mombasa alikuwa akituma pesa nyumbani ndani ya bahasha kwa mkono wa dereva wa basi. Unangoja stendi Kisii, basi linafika, unamtafuta dereva, naye anakwambia bahasha ameachiwa utingo, na utingo ameshuka Nakuru. Mara nyingi ilifika. Kwa hivyo mwaka 2014, kuketi jikoni Manga na kuona laki moja na nusu ikija vipande vipande kutoka pwani, kwetu ilikuwa bado ni ajabu. Labda ndiyo maana hatukuwa na wasiwasi wowote. Tuliona kazi ngumu imeisha, kumbe ilikuwa ndiyo inaanza.

Siku ya kulipa, dada alikutana na muuzaji Kisii mjini. Ilikuwa Alhamisi, siku ya soko la Daraja Mbili, kwa hiyo unaweza kuwaza zile kelele. Waliandikiana makubaliano kwenye karatasi ya fuliskepu: namba ya gari, bei, sahihi mbili. Dada akaweka 280,000 benki, kwenye akaunti ya muuzaji, akapewa risiti. Zilizobaki, 140,000, zilikuwa zitumwe kwa simu.

Wakati ule mtu angeweza kutuma kiasi kisichozidi 70,000 kwa muamala mmoja, na 140,000 kwa siku. Na simu yenyewe haikuruhusiwa kukaa na zaidi ya 100,000. Dada akatuma 70,000 ya kwanza. Ikafika, mzee akaonyesha ujumbe, wakapeana mkono. Alipotaka kutuma ya pili, mzee akasema, "Madamu, hapa kwangu itajaa. Weka kwa hii namba ya nyumbani." Akamsomea namba. Na kweli, ukipiga hesabu, 70,000 mbili ni 140,000; simu yake isingezibeba. Hakuna cha ajabu hapo. Dada akaandika namba, akatuma. Siku hizo jina la mpokeaji ulikuwa unaliona baada ya pesa kuondoka, kwenye ujumbe wa kuthibitisha. Lilikuja jina la mwanamke. Mzee akasema, "Sawa, imefika." Akatoa funguo. Logibuku akasema iko nyumbani, ataileta wiki ijayo.

Tukachukua gari.

Lilifika Manga jioni, kaka wa Eldoret akiendesha, taa zimewashwa ingawa jua lilikuwa bado lipo. Watoto walikimbia nalo kutoka barabara kuu hadi langoni. Mzee mmoja jirani alilizunguka mara mbili, akapiga tairi kwa bakora, akasema limesimama vizuri. Mama alitaka kuketi ndani tu, bila kwenda popote. Aliketi kiti cha mbele, akafunga mlango, akafungua, akafunga tena. Kwa lugha yetu ya Kigusii mama anaitwa "baba" na baba anaitwa "tata", jambo ambalo limewachanganya marafiki zetu wengi wa pwani. Usiku ule mama alisema neno moja kupitia dirishani, "Tata", kama anamwita mtu aliyekuwa stoo kule na baiskeli. Hatukumjibu.

Krismasi ya mwaka ule hatutaisahau. Gari lilienda kanisani, likaenda kwa shangazi, likaenda kuchukua bibi harusi ambaye hata hatukuwa tunamjua vizuri. Kila aliyepanda alisema "gari letu". Na lilikuwa letu kweli, kwa maana ya huko kwetu. Ukiwa na gari Manga una gari la mlima mzima. Mtu akigonga dirisha saa nane usiku huulizi ni nani, unauliza ni nani mgonjwa.

Januari dada akaenda kuchukua logibuku. Muuzaji akamwambia, kwa upole kabisa, kwamba anangoja ile 70,000 iliyobaki.

"Ipi?"

"Ya mwisho. Benki niliona 280,000. Kwa simu niliona 70,000. Si bei ilikuwa 420,000?"

Dada akatoa simu amwonyeshe ujumbe. Haukuwepo. Ilikuwa simu ndogo ya vibonye, ya zile zinazokwambia nafasi ya ujumbe imejaa, na Desemba, salamu za sikukuu zilipozidi, alikuwa amefuta wa zamani. Yule wa 70,000 ya pili ulikwenda na wa shangazi, wa mwalimu mkuu na wa matangazo. Kwenye fuliskepu hakukuwa na neno lolote kuhusu namba ya pili. Na namba yenyewe hakuikumbuka.

Akampigia kaka mkubwa. Kaka alikuwa kazini, kelele nyingi, na swali lake la kwanza, kabla ya yote, lilikuwa, "Umekula hiyo pesa?"

Tumekubaliana kuandika hilo swali kama lilivyoulizwa. Alitaka tulipunguze makali, kisha akasema liache.

Kwa miezi minane hawakuzungumza. Kaka alituma michango ya gari moja kwa moja kwa mama: ya tairi, ya bima, ya fundi. Akipita kwa mama hapiti kwa dada. Mama alipokea simu mbili kila Jumapili, moja ya huku na moja ya kule, na kila mmoja alimuuliza kama mwingine amesema nini. Gari liliendelea kufanya kazi. Jumatatu na Alhamisi linateremka na ndizi, siku nyingine linapeleka watu. Lakini dada hakulipanda. Alikuwa anakuja nyumbani kwa boda boda, mvua ikinyesha, na Probox imeegeshwa uani.

Barabarani pia kulikuwa na lile swali la vizuizini. "Gari la nani?" "Letu." "Hili jina ni lako?" Si lake. Basi anaeleza kuhusu fuliskepu.

Uzito wa jambo lenyewe tuliujua usiku mmoja wa Aprili 2015, mvua za masika zikiwa zimekaza. Jirani alishikwa na uchungu wa kuzaa. Kaka wa Eldoret alikuwa nyumbani, akawasha gari. Pale kwenye mteremko lilianza kuteleza kiubavuubavu, wanaume wanne wakashuka kulisukuma, mama mkwe wa yule jirani anaomba kwa sauti, na taa moja imezimika. Walifika hospitali ya Kisii. Mtoto alizaliwa salama, na mpaka leo wenzake wanamwita Probox.

Kurudi, alfajiri, kaka aliendesha polepole sana. Alituambia baadaye alichokuwa anawaza. Lile gari lingeteleza likamgonga mtu, angefuatwa nani? Sheria ya Trafiki ya Kenya inasema mtu ambaye jina lake limesajiliwa ndiye huchukuliwa kuwa mwenye gari, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Wangemfuata yule mzee. Na yule mzee angesema nini kuhusu watu ambao, kwa maneno yake, hawajamaliza kumlipa? Sheria hiyo hiyo inamtaka muuzaji amjulishe msajili ndani ya siku 7, na inakataza gari lililouzwa kuendeshwa barabarani zaidi ya siku 14 kabla mmiliki mpya hajasajiliwa. Sisi tulikuwa mwezi wa tano.

Kitinda mimba ndiye aliyesema, siku moja tu, bila kufikiri sana, "Lakini kampuni ya simu si inaandika kila kitu?"

Ni aibu kidogo kukiri kwamba wakati huo mmoja wetu alikuwa tayari ameomba kazi katika biashara hii. Hakuna aliyekuwa amewaza hilo. Tulidhani ujumbe ukifutwa kwenye simu, muamala umefutika. Haufutiki. Ujumbe ni karatasi tu inayokuambia kilichotokea; kilichotokea kimeandikwa kwingine. Mwenye laini anaweza kuomba taarifa ya miamala yake, akaonyesha kitambulisho, akapewa tarehe, saa, kiasi, na jina la aliyepokea. Dada alikwenda Kisii Jumamosi moja, akapanga foleni, akarudi na karatasi tatu.

Ukurasa wa pili, Alhamisi ile ya Novemba. 70,000, saa tano na dakika chache, jina la mzee. Chini yake, dakika thelathini na kitu baadaye, 70,000 nyingine. Jina la mwanamke.

Dada alipiga picha ule ukurasa kwa simu ya kitinda mimba, ikatumwa Mombasa kwa WhatsApp bila neno lolote. Alama mbili za buluu zikatokea. Siku mbili, kimya. Siku ya tatu, jioni, simu ya dada ikalia. Alikuwa anachambua mboga. Kaka akasalimia, akakohoa, akanyamaza, kisha akauliza, "Umekula?"

Dada anasema alicheka mpaka akaketi chini.

Bado pesa zilikuwa zimeenda kwa jina ambalo si la muuzaji, na karatasi peke yake haikuweza kusema mwanamke yule ni nani. Tulikwenda kwake Septemba, wazee wawili wa pande zote wakiwepo, na mama. Mzee alitupokea vizuri, chai ikaletwa. Yule mzee wa kwetu akasoma jina lililokuwa kwenye karatasi kwa sauti. Mke wa muuzaji, aliyekuwa akimimina chai, akasema, "Ni mimi huyo." Akaelekeza kidole juu. "Si ndiyo hii mabati."

Wote tukatazama juu. Mabati mapya, bado yana mng'ao.

Mzee alishika kichwa. Alisema yeye aliona simu yake tu, na ile ya mkewe alihesabu kuwa ni pesa nyingine, za mahindi. Mpaka leo hatujakubaliana kama alisahau kweli. Mama anasema alisahau. Kaka wa Eldoret anacheka tu. Vyovyote vile, alituomba radhi mbele ya wazee, na mwezi wa Oktoba logibuku ikawa na jina la mama.

Sasa turudi kwenye kazi, maana mhariri ameshatukumbusha huu ni ukurasa wa wateja. Mtu anapotupigia kuhusu pesa za gari, mara nyingi si wizi wa kutisha. Ni kama yetu: watu wawili waungwana, namba mbili, na kumbukumbu mbovu. Muuzaji akikupa namba yenye jina la mtu mwingine, usikatae kwa ukali, huenda ana sababu nzuri kama ile ya simu kujaa. Lakini kabla ya kuingiza namba ya siri mwambie aandike kwenye makubaliano, kwa mkono wake: namba hii, jina hili, kiasi hiki, ni sehemu ya bei ya gari hili. Aweke sahihi. Inachukua dakika mbili. Jina la mpokeaji likitokea kwenye kioo, lisome kwa sauti na aliye mbele yako alisikie. Halafu usimalize kulipa kabla uhamisho haujaanza. Siku hizi hauhitaji kungoja mtu alete karatasi kutoka nyumbani: unafanyika mtandaoni kwenye akaunti za NTSA kupitia eCitizen, muuzaji anaanzisha kwa upande wake, mnunuzi anakubali kwa upande wake. Mkiwa wote mko hapo na simu zenu, fanyeni hapo hapo. Na kama mnachanga kama familia, mweka hazina atoe taarifa ya miamala yote baada ya wiki moja, watu wakiwa bado wanapendana, asingoje aulizwe.

Viwango vyenyewe vimebadilika. Machi 2020 kiwango cha muamala mmoja kilipanda kutoka 70,000 hadi 150,000, na Agosti 2023 M-Pesa ikafika 250,000 kwa muamala na 500,000 kwa siku. Ile sababu ya "itajaa" haisikiki sana siku hizi. Zimebaki sababu nyingine.

Probox tuliiuza mwaka 2021. Injini ilikuwa bado nzuri, lakini sakafu ya nyuma ilikuwa imeliwa na maji ya ndizi, na mlango mmoja ulifungwa kwa kamba. Tulikubaliana 260,000 na kijana mmoja aliyetaka kuanza biashara ya maziwa. Alikuja na mkewe na mtoto. Kijana akauliza kama anaweza kutuma nusu kwa namba ya dada, kwa sababu alikuwa nayo tayari kwenye simu.

Dada alikuwa ameketi kiti cha mbele, daftari likiwa kwenye kile kimeza. "Hapana," akasema. "Zote kwa mama. Na usome jina."

Kijana akasoma jina. Akatuma 150,000, akasoma tena, akatuma 110,000. Mama akaangalia ujumbe wa kwanza, akaangalia wa pili, akamwita mke wa yule kijana aje aone naye. Kisha akachukua daftari lake, akasukuma kimeza kikarudi ndani, na akaomba apelekwe mpaka barabara kuu. Walipofika akashuka, akarudi kwa miguu.